Sukari ya Wenye Njaa

Kwamba ugonjwa wa sukari ni wa matajiri ni usemi wa zamani, na umewagharimu watu wa milima ya Pinga, mashariki mwa Kongo, pale Masisi inapopakana na Walikale. Sahani ya bugali wa muhogo na sombe haina hata punje ya sukari, lakini wanga wake ukishasagika tumboni huwa glukosi na kuingia katika damu. Hapo visiwa vya seli ndani ya kongosho, alivyovieleza Paul Langerhans mwaka 1869, hutoa insulini, nayo huiwezesha misuli kuipokea glukosi hiyo na ini kuiweka akiba. Njaa ikifika usiku, kongosho hutoa glukagoni, na ini huitoa akiba ile kidogo kidogo. Kwa hiyo kongosho ni la mlaji wa muhogo sawasawa na la mnywaji wa soda. Likiharibiwa na kinga ya mwili wenyewe, kama katika aina ya kwanza, halichagui mwenye mali.

Wapo watakaosema kwamba aina ya pili, ambapo mwili unaacha kuitii insulini, hufuata unene na kukaa bila kazi ya mwili. Ni kweli kwa wengi, lakini si habari yote. Mwaka 1955 Philip Hugh-Jones alieleza wagonjwa wa Jamaica waliokonda, ambao hawakuingia vizuri katika aina yoyote kati ya hizo mbili. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 1985 kuwepo kwa kisukari cha utapiamlo, kisha mwaka 1999 likaifuta aina hiyo kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Katikati ya mabishano hayo muhogo wenyewe ulishtakiwa, kwa sababu ya sianidi iliyomo katika muhogo mchungu. Shtaka hilo naliona dhaifu. Muhogo usiolowekwa vya kutosha umeleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, huko Kongo, na kule Idjwi, kisiwani katika Ziwa Kivu, umechangia rovu pale penye upungufu wa madini joto. Lakini haikuthibitika kwamba wanaoula ndio wanaougua sukari zaidi. Njaa yenyewe ndiyo haijaachiliwa: mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua tena aina ile ya utapiamlo, kwa jina la aina ya tano.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba penye vita, surua na kipindupindu hutangulia. Lakini mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiyepata insulini hufa upesi, mara nyingi kabla ya kuandikwa popote, kisha uchache wa majina daftarini unageuzwa kuwa hoja ya kutoleta dawa. Insulini inatibu watu tangu 1922. Pinga, iliyogombaniwa na makundi yenye silaha ya Sheka na APCLS, iliachwa na Madaktari Wasio na Mipaka Agosti 2013 kwa sababu ya vitisho. Lakini huko Mweso, ndani ya Masisi hiyohiyo, shirika hilo limewatibu wenye sukari katikati ya machafuko. Na friji ya kuihifadhi insulini? Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofuata joto la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, Kenya, ulionyesha kwamba chupa ya insulini iliyofunguliwa hudumu wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37. Masisi ina baridi kuliko Dagahaley. Chupa hiyo inaweza kukaa ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowa maji, pembeni ya kitanda, mradi njia ya kuileta iwe wazi.