Uunganishaji wa orodha za ukongwe wa marubani

Mashirika mawili ya ndege yakiungana, marubani wao hupangwa upya katika orodha moja ya ukongwe kazini. Nchini Marekani, ambako jambo hili limezaa kesi nyingi, nafasi ya rubani katika orodha huamua ndege atakayorusha, kituo chake, likizo yake, lini atakuwa kapteni na nani atatangulia kutolewa kazi zikipungua. Akihamia shirika jingine huanzia mkiani, hata awe na uzoefu wa miaka 20. Ndiyo maana nafasi hiyo hugombewa kuliko hata mshahara.

Njia inayopendwa na wakongwe ni kufuata tarehe ya kuajiriwa. Nyingine ni uwiano: makapteni wa ndege kubwa wa pande zote huchanganywa pamoja, kisha wa ndege ndogo, kisha marubani wasaidizi. Ya tatu, iliyo katili kuliko zote, ni kuwabandika walionunuliwa chini ya wanunuzi. American Airlines ilipoichukua TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA waliwekwa mkiani, na biashara ilipodorora baada ya mashambulizi ya Septemba 11 wakawa wa kwanza kutolewa. Kilio chao kilichangia kuzaliwa kwa sheria ya McCaskill-Bond, Desemba 2007, inayodai orodha iunganishwe kwa haki, na pande zikishindwa kuelewana ziende kwa msuluhishi.

Usuluhishi nao si dawa ya yote. US Airways na America West ziliungana mwaka 2005. Msuluhishi George Nicolau, katika uamuzi wake wa Mei 2007, aliwatanguliza wakongwe wapatao 500 wa US Airways, kwa kuwa America West haikuwa na ndege kubwa za kuvuka Atlantiki. Waliobaki aliwachanganya kwa uwiano, na waliokuwa wamesimamishwa kwa kukosa kazi akawaweka chini kabisa. Hapo rubani wa US Airways mwenye zaidi ya miaka 16 kazini alijikuta jirani na mwenzake wa America West aliyeajiriwa muda mfupi tu kabla ya muungano. Hoja ya Nicolau ilikuwa na uzito, maana US Airways ilikuwa imefilisika mara mbili na miaka hiyo 16 haikuwa na uhakika wa kesho. Wenye miaka hiyo hawakuisikia. Walikuwa wengi, wakaunda chama chao, USAPA, na mwaka 2008 wakakiondoa kwa kura chama cha ALPA kilichosimamia usuluhishi. Wachache, yaani wa America West, wakaenda mahakamani.

Muungano wa US Airways na American Airlines mwaka 2013 ulilirudisha suala hilo mezani. Septemba 2016 jopo la wasuluhishi watatu lilitoa orodha iliyozingatia miaka ya utumishi pamoja na cheo na aina ya ndege, baada ya marubani wa iliyokuwa America West kusikilizwa kupitia kamati yao wenyewe. Orodha ya Nicolau haikuwahi kutumika.