Kuoga na Kuogesha: Maana ya "Uuguzi wa Msingi"

Mwezi wa Julai, alfajiri ya Iringa ina baridi ya kuingia mifupani. Katika wodi ya wanawake mwanachuo wa mwaka wa kwanza anasukuma toroli lenye mabeseni mawili, sabuni, taulo, shuka safi na jagi la maji ya moto. Kwenye kitanda cha tatu amelala bibi aliyepooza upande wa kulia. "Kamwene, bibi," anamwamkia, kama alivyosikia wenyeji wa Uhehe wakiamkiana. Bibi hawezi kujibu kwa mdomo, kwa maana upande wa kulia ukipooza mara nyingi na usemi huathirika, lakini macho yake yanamgeukia. Mwanachuo anavuta pazia, anafunga dirisha lililo jirani na kitanda, kisha anasema: "Bibi, naomba nikuogeshe."

Katika daftari la mwanachuo huyu kazi hiyo ina jina la Kiingereza, kwa kuwa masomo na mitihani yake ni ya Kiingereza. Bibi hakijui Kiingereza hicho. Ili aombe ruhusa, aeleze na afariji, mwanachuo hana budi kuitaja kazi yake kwa Kiswahili, na anapoitaja hukutana na maana ambazo daftari halikumpa. Makala haya yanahusu jina la jumla la kazi hizo za asubuhi za kuogesha, kulisha, kugeuza na kuvisha. Jina hilo ni uuguzi wa msingi.

Istilahi hii ina ndugu zake. "Misingi ya uuguzi" ni jina la somo, yaani yale anayofundishwa mwanachuo darasani. "Huduma za msingi za uuguzi" ni lugha ya miongozo na ripoti. "Uuguzi wa msingi" ni kazi yenyewe kando ya kitanda, na ndilo jina ninaloliona linafaa zaidi. Neno "huduma" tumezoea kulisikia benki, ofisi za serikali na vituo vya mabasi. Ni kitu anachopewa mteja kisha anakwenda zake. Uuguzi haupokewi namna hiyo.

Shida moja iko kwenye neno "msingi". Mtanzania akisikia "ya msingi" hukumbuka shule ya msingi, ngazi ya chini unayoimaliza ukaiacha nyuma. Kwa hiyo wapo wanachuo wanaodhani kuogesha mgonjwa ni kazi ya mwaka wa kwanza, na kwamba muuguzi aliyepanda ngazi hushika sindano, dripu na mafaili. Msingi unaotajwa hapa ni ule wa nyumba. Fundi anaweza kuezeka bati la bei kubwa, lakini msingi ukititia, ufa utaonekana ukutani. Mgonjwa anaweza kupata dawa sahihi ya kiharusi, kisha akafa kwa nimonia kwa sababu alilishwa akiwa amelala chali.

Tuje kwenye "uuguzi". Neno linatokana na kuugua, ambalo lina maana mbili zinazokaa pamoja: kuwa mgonjwa, na kutoa sauti ya maumivu. Kutoka kuugua tumepata kuuguza, kama pungua ilivyozaa punguza na tembea ikazaa tembeza. Hiyo ni kauli ya kutendesha. Tukifuata kanuni kwa ukali, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue! Lakini hakuna Mswahili anayesikia hivyo. Mtu akisema "namuuguza mama mwezi wa tatu sasa", tunaelewa kwamba mama anaugua na mwanawe yuko naye ndani ya kuugua huko. Anasikia sauti ya maumivu usiku na anaamka.

Neno "nesi" limetoka njia nyingine. Tumelikopa kwa Waingereza, na asili yake ya kale ni mwanamke anyonyeshaye na kulea mtoto. Nesi alianzia kwenye titi. Muuguzi alianzia kwenye kitanda cha anayegumia. Yote mawili ni maneno ya heshima, na wodini watu wataendelea kuita "nesi" na "sista". Sheria yetu ya mwaka 2010 tunaiita Sheria ya Uuguzi na Ukunga, na mwanachuo anayejiandaa kuandikishwa chini ya sheria hiyo anastahili kujua kwamba jina la taaluma yake limebeba mtu anayeugua ndani yake.

Kauli hiyo ya kutendesha haikuishia kwenye kuuguza. Tazama orodha ya kazi za asubuhi wodini. Kula kunazaa kulisha. Kunywa, kunywesha. Kuoga, kuogesha. Kuvaa, kuvisha. Kukaa, kukalisha. Kulala, kulaza. Kugeuka, kugeuza. Kutembea, kutembeza. Kutulia, kutuliza. Nenda Meta, Mbeya, kwenye kitengo cha wazazi cha Hospitali ya Rufaa ya Kanda, nako utakuta mama anazaa na mkunga anazalisha. Karibu uuguzi wote wa msingi, ukiusema kwa Kiswahili, ni jambo ambalo mtu mzima hulitenda mwenyewe kila siku, ila sasa limevishwa kauli ya kutendesha, kwa sababu nguvu zimempungukia na amesimama mwingine wa kumtendesha.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani aliyeishi kati ya 1897 na 1996, alitumia miaka mingi kutafuta fasili ya kazi hii. Mwaka 1960 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilichapisha kijitabu chake kuhusu kanuni za uuguzi wa msingi. Kwa maneno yangu, alisema hivi: muuguzi humsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe lau angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na humsaidia kwa namna itakayomfanya ajitegemee tena mapema iwezekanavyo. Pale ambapo kupona hakupo, humsaidia afe kwa amani. Alitaja mahitaji 14, yakianzia kupumua, kula na kunywa, kujisaidia, kujongea, kulala, kuvaa, joto la mwili na usafi, hadi kuzungumza, kuabudu, kufanya kazi na kujifunza. Fasili hiyo ilimchukua Henderson aya nzima. Sarufi yetu inaibeba kwenye mnyambuliko wa kitenzi.

Turudi kwa bibi wa kitanda cha tatu. Mwanachuo alisema "nikuogeshe", hakusema "nikuoshe". Wapo wanaosema kumuosha mgonjwa, na wanaeleweka, lakini sikiliza tofauti. Tunaosha vyombo, tunaosha gari, tunaosha maiti. Mtoto tunamwogesha. Katika kuosha, anayeoshwa ni kitu kilicho mbele yako. Katika kuogesha, kuoga bado kumo ndani ya neno, na anayeoga ni yeye. Wewe umemshika mkono. Tofauti hiyo huonekana kwenye vitendo. Anayeogesha huanza na uso, akifuta jicho kutoka pembe ya puani kwenda nje, kwa kitambaa kisicho na sabuni. Hufunua mkono mmoja, akauogesha, akaukausha kwa kuugandamiza taulo bila kusugua, akaufunika, ndipo akafunua wa pili. Hubadilisha maji yakipoa au yakichafuka. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini yake sana. Mwezi wa Julai maji ya beseni hupoa ukiwa bado mguuni. Mwili uliofunuliwa wote kwa pamoja hupata baridi na aibu kwa wakati mmoja.

Kuogesha pia ni kutazama. Taulo linapopita kwenye visigino, nyonga, kifandugu, viwiko na kisogo, jicho la muuguzi linatafuta wekundu usiopotea ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi kirahisi, kwa hiyo mkono hutafuta sehemu yenye joto au baridi kuliko jirani yake, iliyo ngumu au iliyotepeta. Hapo ndipo kidonda cha mgandamizo kinapoanzia, kabla ngozi haijachubuka.

Kiswahili kimetuonya kuhusu hilo kwa neno jingine. Mtu akipokewa hospitali kwa matibabu ya siku kadhaa tunasema "amelazwa". Amelazwa, kana kwamba tiba ni kulala. Lakini mwili uliolazwa bila kugeuzwa huumia: damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, makohozi hutuama kifuani, damu huweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa hiyo kulaza hudai kugeuza, na desturi ya wodini ni kila baada ya saa mbili: ubavu huu, chali, ubavu wa pili, na saa iandikwe kwenye chati. Majeruhi wa uti wa mgongo, kama wale wa ajali za miteremko ya Kitonga na Inyala kwenye barabara kuu ya Tunduma, ana hatari kubwa zaidi, kwa maana hasikii maumivu ambayo yangemfanya ajisogeze. Naye hageuzwi na mtu mmoja. Hugeuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, kama gogo, mgongo usijipinde.

Saa mbili asubuhi binti wa bibi anafika na chupa ya uji wa ulezi. Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndiye anayeleta chakula, na mara nyingi ndiye anayelisha. Kiswahili kina kauli nzuri kwa mtu huyu: "ameuguliwa". Mama ndiye anayeugua, lakini binti naye ameguswa na kitenzi hichohicho. Kabla muuguzi hajavaa sare, huyu alikuwa ameanza kuuguza nyumbani. Mwanachuo mwenye busara hamfukuzi kando ya kitanda, humfundisha. Kwanza ihakikishwe kwamba uwezo wa bibi wa kumeza umepimwa. Kisha: "Dada, tumkalishe wima kwanza. Kijiko kidogo, upande wa kushoto wa mdomo, ndio wenye nguvu. Subiri umuone amemeza, ndipo umpe kingine." Maji matupu humpalia mgonjwa wa kiharusi upesi kuliko uji mzito. Akimaliza, shavu la kulia liangaliwe kama kuna mabaki, na bibi abaki amekaa nusu saa au zaidi. Hayo yote ni tofauti kati ya kulisha na kujaza mdomo.

Hapa inaonekana hatari ya kauli ya kutendesha: ina nyuso mbili. Kulisha kunaweza kuwa kusaidia, na kunaweza kuwa kushurutisha. Kunywesha dawa kunaweza kuwa kumwinua mtu na kumshikia kikombe, na kunaweza kuwa kumbana pua. Sarufi haituambii ni upi. Mkono wa muuguzi ndio unaotafsiri. Kipimo ni kuulizwa. Wanyakyusa wa Rungwe humwamkia mtu wa heshima kwa kumuuliza "Mugonile?", yaani mmelala? Ni salamu, na pia ni swali la kwanza ambalo muuguzi yeyote angepaswa kuuliza asubuhi na kulisubiri jibu lake. Anayeulizwa amelalaje, maji anayataka ya moto kiasi gani na aanze kuvishwa sasa au baadaye, bado ni mtenda.

Hatari ya pili ni upole uliozidi. Muuguzi mwenye haraka, au ndugu mwenye huruma nyingi, humfanyia mgonjwa kila kitu, hata alichokiweza jana. Bibi anayelishwa wakati mkono wake wa kushoto unaweza kushika kijiko, anapokonywa kijiko hicho. Siku ikifika ya kuruhusiwa atarudi nyumbani akiwa amejifunza kutendewa. Kwa hiyo maana kamili ya uuguzi wa msingi ina njia ya kurudi: kuogesha kurudi kuwa kuoga, kulisha kurudi kuwa kula, kutembeza kurudi kuwa kutembea. Kila asubuhi muuguzi anajiuliza ni kitenzi kipi leo kinaweza kuvuliwa kauli hiyo ya kutendesha.

Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza, aliliona tatizo la jina hili mapema. Katika kitabu chake kuhusu uuguzi cha mwaka 1859 alilalamika kwamba neno hilo limebanwa likawa na maana ya kunywesha dawa na kubandika dawa tu. Alitaka lijumuishe hewa safi, mwanga, joto, usafi, utulivu na chakula. Tarehe aliyozaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani. Sisi hatuna haja ya kulipanua neno letu. Kuuguza hakujawahi kumaanisha dawa pekee. Kinachotakiwa ni mwanachuo wa Ilula, wa Tosamaganga au wa Mbeya alisikie anapolitamka.

Kwenye kitanda cha tatu kuogesha kunakaribia mwisho. Mwanachuo anamvisha bibi gauni, akianza na mkono wa kulia uliopooza. Kesho wakati wa kumvua ataanza na wa kushoto wenye nguvu, ili ule dhaifu usivutwe. Kabla ya hapo alifanya jambo ambalo lilimchukua dakika tano za zamu yake. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakiweka kwenye kiganja cha kushoto cha bibi, akangoja. Mkono ulipanda polepole, ukatetemeka, ukafika usoni. Bibi akajifuta paji la uso, kisha shavu, kisha akarudia. Usoni, asubuhi hiyo, alioga mwenyewe.