Siderosisi ya Juujuu ya Mfumo wa Neva: Hoja ya Kutafuta Tundu Kabla ya Kuondoa Chuma

Siderosisi ya juujuu ni ugonjwa wa damu inayovuja kidogo kidogo, kwa miaka mingi, ndani ya majimaji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Chembe nyekundu zikivunjika huacha madini ya chuma. Seli za glia, hasa zile za Bergmann katika serebela, huyachukua na kuyafungia ndani ya feritini, na mwishowe yakawa hemosiderini. Akiba hiyo ikizidi, tishu jirani hufa. Neva ya nane, inayohusika na usikivu, huumia mapema kwa sababu sehemu yake ndefu imevikwa glia nayo imezungukwa na majimaji hayo.

Kuhusu dalili hakuna ubishi mkubwa. Hamill aliueleza ugonjwa huu mwaka 1908, na kwa miongo mingi uligunduliwa zaidi maiti ilipopasuliwa. Mapitio ya Fearnley na wenzake ya mwaka 1995 yalikuta uziwi kwa asilimia 95 ya wagonjwa, kuyumba kwa asilimia 88, na dalili za kuathirika kwa uti wa mgongo kwa asilimia 76. Mara nyingi mgonjwa hukumbuka ajali ya zamani tu, wala si kuvuja damu kokote.

MRI ilibadilisha utambuzi. Katika picha zinazohisi chuma, shina la ubongo huonekana limezungushiwa mstari mweusi mwembamba, mfano wa jicho lililopakwa wanja. Wanja huo usichanganywe na ule wa wazee wenye protini ya amiloidi katika mishipa ya damu, unaokaa kwenye mikunjo ya juu ya ubongo. Wilson na wenzake walitenganisha aina hizo mwaka 2017. Tatizo ni kwamba uchunguzi mwingi hukomea hapo. Ugonjwa ukishapewa jina, picha za mgongo haziagizwi, ilhali huko ndiko damu inakotoka mara nyingi.

Kazi za Kumar na wenzake wa Mayo Clinic zimeonyesha jinsi dura, utando mgumu wa nje, inavyochanika upande wa mbele wa uti wa mgongo, mara nyingi kifuani. Wakati mwingine kinachoichana ni kijiti cha mfupa kilichoota kwenye diski, kidogo kuliko punje ya mchele. Majimaji hutoka na kutuama mbele ya uti, na vimishipa dhaifu kandokando ya mchaniko huvuja damu. MRI ya mgongo mzima huonyesha dimbwi hilo, lakini dimbwi laweza kufunika pingili nyingi na tundu likawa moja tu. Hapo huhitajika CT inayopigwa wakati uleule dawa ya kung'arisha picha inapopita. Ikicheleweshwa, dawa imekwisha kutapakaa na tundu halijulikani liko wapi.

Wapo wanaoanza na deferiproni, dawa ya kuondoa chuma inayotumiwa kwa thalasemia na inayoweza kupenya hadi kwenye ubongo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwapa wagonjwa 10 kwa siku 90, na kwa baadhi yao weusi kwenye picha za MRI ulipungua. Lakini lilikuwa jaribio la usalama, lisilo na kundi la kulinganisha, na kupungua kwa weusi si kutembea vizuri zaidi. Dawa hiyo pia yaweza kuporomosha chembe nyeupe za damu, ndiyo maana hupimwa mara kwa mara. Kuitumia huku tundu likiwa wazi ni kukumba maji mtumbwini bila kuziba ufa. Nafasi yake ya haki huenda ikawa baada ya upasuaji wa kuziba tundu, au pale ambapo chanzo kimetafutwa kikakosekana.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba kuziba tundu hakurudishi usikivu. Ni kweli, na wengine huendelea kudhoofika hata baada ya majimaji kusafika, kwa kuwa chuma kilichokwisha kuingia hubaki. Hoja hiyo, hata hivyo, inadai upasuaji wa mapema. Kwa aliyekwisha kuwa kiziwi, kifaa cha kupandikizwa sikioni husaidia baadhi tu: koklea, kiungo cha usikivu ndani ya sikio, yaweza kuwa nzima na neva ikawa imeliwa.