Indiketa za mfuatano

Indiketa za mfuatano ni taa za gari zinazoonyesha upande ambao dereva anataka kugeukia, ambazo haziwaki zote kwa pamoja bali moja baada ya nyingine, kuanzia upande wa ndani kuelekea ubavuni mwa gari. Hivyo mwanga huonekana kana kwamba unakimbilia upande wa kona. Siku hizi nyingi ni za LED, na baadhi ya wenye magari huzifunga badala ya taa za nyuma zilizotoka kiwandani.

Historia

Kampuni ya Ford ya Marekani ilizitumia katika gari aina ya Thunderbird la mwaka 1965. Zilikusudiwa kwa toleo la 1964, lakini zilicheleweshwa na sheria za taa za baadhi ya majimbo. Kila upande ulikuwa na balbu tatu, na mota ndogo ya umeme iliendesha swichi zilizoziwasha kwa zamu. Mercury Cougar la 1967 lilifuata mtindo huo. Baadaye saketi za transista zilichukua nafasi ya mota. Ford ilizirudisha katika Mustang la 2010.

Utendaji kazi

Katika taa za LED, saketi ndogo hupokea umeme wa indiketa na kuupeleka kwa kila kundi la LED kwa kuchelewa kidogo. Umeme ukikatika, taa zote huzimika pamoja, kisha mzunguko huanza upya.

Kubadilisha taa

Balbu ya kawaida ya indiketa hutumia takriban wati 21, lakini LED hutumia umeme mdogo zaidi. Kwa sababu hiyo flasha ya gari hudhani kwamba balbu imeungua, na indiketa huanza kupepesa haraka kupita kiasi. Fundi hurekebisha hali hiyo kwa kubadilisha flasha au kwa kufunga kikinza sambamba na taa. Kikinza hicho hupata joto kali, kwa hiyo hufungwa kwenye bati la bodi, mbali na plastiki na nyaya.

Katika magari mengi ya Marekani balbu moja nyekundu hufanya kazi ya breki na ya indiketa pia. Saketi isiyotenganisha kazi hizo inaweza kuifanya taa ya breki nayo iwake kwa mfuatano, na dereva aliye nyuma akachelewa kutambua kwamba gari linasimama.

Sheria na usalama

Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inaruhusu indiketa za mfuatano kwa masharti. Kila taa ikishawaka lazima ibaki inawaka hadi mwisho wa mpepeso, na mfuatano wote ukamilike ndani ya milisekunde 200. Indiketa zinatakiwa kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Kwa hiyo taa ambazo nukta moja tu ya mwanga hukimbia na kuacha giza nyuma yake hazitimizi masharti hayo, hata zikiwa na mng'ao mkali.