Valvu ya hita ya maji inadondosha? Usiizibe, kagua tangi la upanuzi

Je, unatunza zahanati, shule ya bweni au nyumba ya wageni yenye hita ya maji ya umeme au ya jua? Ukiona valvu ya usalama inadondosha maji kila hita inapopasha, usiizibe kwa plagi wala kuifunga kwa mpira. Valvu hiyo ndiyo inayozuia hita isipasuke. Mara nyingi tatizo liko kwenye tangi la upanuzi.

Tangi hili linafanya kazi gani?

Maji yakipata moto huongezeka ujazo. Hita ya lita 200 ikipasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Selsiasi, maji huongezeka kwa takriban lita 3. Ikiwa bomba la maji baridi lina valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, lita hizo hazina pa kwenda. Presha hupanda mpaka valvu ya usalama ifunguke.

Tangi la upanuzi ni tangi dogo la chuma lenye mfuko wa mpira ndani. Maji ya ziada huingia mfukoni na kubana hewa iliyo upande wa pili. Bomba likifunguliwa, hewa huyasukuma maji kurudi.

Je, kila hita inalihitaji?

Hapana. Hita ya jua inayopata maji kutoka tangi la wazi lililo juu yake, bila pampu na bila valvu ya kuzuia maji yasirudi, hailihitaji. Maji ya ziada hurudi juu yenyewe. Hita inayopata maji kwa pampu au kutoka bomba la mji, na yenye valvu hiyo, inalihitaji.

Jinsi ya kukagua

1. Zima umeme, au funika paneli ya jua, kisha subiri maji yapoe.
2. Fungua kifuniko kidogo kwenye tangi. Chini yake kuna valvu kama ya tairi la baiskeli. Bonyeza pini kidogo. Yakitoka maji, mfuko umetoboka: badilisha tangi, au mfuko wenyewe kama tangi ni la aina inayofunguka.
3. Ikitoka hewa, funga maji baridi na ufungue bomba la maji moto mpaka presha iishe. Ndipo upime kwa geji ya tairi. Ukipima wakati bomba bado lina presha, kipimo hakitakuwa sahihi.
4. Hewa iwe sawa na presha ya maji baridi au pungufu kidogo. Kama presha ya maji ni baa 3, weka kati ya 2.8 na 3, yaani PSI 41 hadi 44. Pampu ya baiskeli inatosha kuongeza.

Ikiwa tangi ni zima na valvu bado inadondosha, mwite fundi. Huenda presha ya bomba ni kubwa mno, kidhibiti joto kimeharibika, au valvu ina uchafu. Ukiona mvuke au maji ya moto yanatoka kwa nguvu, zima umeme kwenye swichi kuu na uwaondoe watu.

Unaponunua tangi jipya

- Soma lebo: lazima iseme linafaa kwa maji ya kunywa. Matangi ya mifumo ya kupasha nyumba joto yanafanana nalo, lakini mpira wake haukutengenezwa kwa maji ya kunywa. Usitegemee rangi.
- Lifungwe kwenye bomba la maji baridi, kati ya valvu ya kuzuia maji yasirudi na hita.
- Kusiwe na koki kati ya hita na valvu ya usalama. Bomba la kutolea maji la valvu hiyo lielekee chini, mbali na watu, na mdomo wake ubaki wazi. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtoto kwa sekunde chache.

Kwa wanaohamia nchi ya tatu

Ukipewa makazi mapya Marekani au Kanada, unaweza kukuta hita na tangi hili ndani ya nyumba. Kama umepanga, usilifungue mwenyewe. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe mara uonapo maji yanadondoka, na uhifadhi nakala.