Mkaja

Katika ada za harusi za pwani, mama wa bibi harusi hupewa fedha iitwayo mkaja, na wengi waitoao leo hawakumbuki ya kuwa jina hilo ni la kile kitambaa ambacho mzazi hujifunga tumboni baada ya kujifungua. Yaani mkwe huikiri fadhila ya tumbo lililomzaa mkewe. Nami naiona ni heshima ya haki, maana mimba huitanua kano nyembamba ya katikati ya tumbo hata misuli ya kuume na ya kushoto ikaachana, na mzazi akilala chali, magoti ameyakunja, akainua kichwa kidogo, huweza kutia ncha za vidole viwili au zaidi katika mwanya ulio karibu na kitovu.

Aghalabu mwanya huo hupungua katika majuma 8 ya mwanzo. Mkaja humtegemeza mzazi, ilhali nguvu za misuli hurejeshwa kwa mazoezi ya taratibu, ya kuvuta pumzi na kuikaza misuli ya nyonga, wala asiharakie kuinua ndoo. Tumbo likiendelea kutuna baada ya muda huo, na aende kwa tabibu wa viungo, wala asiambiwe asilani kwamba ni uvivu wake.