Bwaki ya Bushi na Vitabu vya Lwiro

Bwaki ndilo jina ambalo wenyeji wa Bushi, nchi ya vilima inayoizunguka Bukavu, wameupa utapiamlo mkali wa watoto. Miguu na uso huvimba, nywele hufifia rangi na kunyonyoka, mtoto hasemi wala hachezi. Kiswahili cha shuleni huuita unyafuzi.

Mara nyingi ulimpata aliyeachishwa ziwa akabaki na bugali ya muhogo, chakula kinachoshibisha lakini chenye protini kidogo mno. Haki inadai isemwe kwamba kosa halikuwa la mama: vilima vilijaa watu, na mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini ya enzi ya Wabelgiji yalikuwa yamemeza sehemu ya ardhi nzuri.

Huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, palijengwa kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Lishe ikawa miongoni mwa kazi zake, na hospitali ya watoto ikapokea wagonjwa wa bwaki kwa miongo mingi. Mjini Bukavu, katika miaka ya 1960, raia waliunda Comité Anti-Bwaki, yaani kamati ya kupambana na bwaki.

Hazina kubwa ya Lwiro ni vitabu vyake vya wagonjwa, vilivyosalimika hata baada ya vita vya 1996 na 1998. Kutoka humo yalipatikana majina ya watoto 1,981 waliotibiwa kati ya 1988 na 2007. Walipotafutwa baadaye vijijini, chini ya thuluthi moja ndio walioonekana. Baadhi ya waliosalia walikuwa wamekufa au wamehama.

Watu wazima 524 kati ya walioonekana, wenye wastani wa miaka 22, walilinganishwa na wenzao 407 ambao hawakuugua. Wenzao hao nao walikulia kwenye vilima vilevile, katika umaskini uleule. Kwa hiyo hata tofauti ndogo ina uzito. Shinikizo la damu na kisukari havikuzidi kwa waliougua. Lakini viuno vyao vilikuwa vinene kuliko vya wenzao, mafuta yamejikusanya tumboni, na kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu kilikuwa juu zaidi: dalili za mwili ulioanza kuelekea kwenye maradhi, ingawa umri bado ni mdogo. Shuleni pia walikuwa wamefika hatua ya chini zaidi, na katika majaribio ya akili walipata alama za chini.